Kufundisha Uchambuzi wa Uwekezaji kwa Potifolio Moja ya Muhula Mzima: Mwongozo Kamili kwa Wahadhiri

Kazi ya vikundi ya somo hili huharibikia mahali pale pale. Siku ya kuwasilisha ikifika, kikundi kinasimama mbele na potifolio (mkusanyiko wa uwekezaji) iliyoweka karibu fedha zote kwenye hisa mbili, na sababu wanayotoa ni kwamba Solver, zana ya Excel ya kutafuta jibu bora, ndiyo iliyochagua. Ukiwauliza mteja wao ni nani, wanatazamana. Ukiwauliza mbona hisa moja ina faida kubwa kupita kiasi kwenye jedwali lao, hawana jibu, na ukifungua faili unakuta data haikusafishwa.

Mwongozo huu ni wa mhadhiri, au msaidizi wake, anayefundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza Nairobi kwa muhula wa wiki 14. Kila kikundi kinabeba potifolio moja ya mazoezi tangu mwanzo hadi mwisho, na kila uamuzi unaandikwa na kutiwa tarehe kabla matokeo hayajajulikana. Fomula inafundishwa siku inapohitajika kwenye potifolio hiyo.

## Unachohitaji kabla ya wiki ya kwanza

- Vikundi vya watu 4. Wakizidi 5, wawili watafanya kazi na wengine watatia sahihi.
- Kompyuta moja kwa kila kikundi yenye Excel au LibreOffice Calc. Excel ya simu haina Solver, kwa hivyo simu pekee haitoshi.
- Hisa 12 za Soko la Hisa la Nairobi (NSE) ulizochagua mwenyewe kutoka sekta tofauti: benki, mawasiliano, nishati, viwanda, bima, kilimo. Weka angalau mbili ambazo haziuzwi sana.
- Bei 61 za mwisho wa mwezi kwa kila hisa. Ni 61 kwa sababu faida 60 za mwezi zinahitaji bei moja ya kuanzia.
- Magawio yote ya kipindi hicho pamoja na tarehe zake, na orodha ya hisa zilizogawanywa, hisa za bonasi (wanazopewa wenye hisa bure) na hisa za haki (mpya wanazouziwa wenye hisa kwanza). Ripoti za mwaka zimo kwenye tovuti za kampuni zenyewe.
- Viwango vya hati za hazina za siku 91, ambavyo Benki Kuu ya Kenya huvitangaza kila mnada wa wiki.
- Fahirisi mbili: NASI (ya hisa zote za NSE) na NSE 20 (ya kampuni 20).
- Fedha za mazoezi: KSh 1,000,000 kwa kila kikundi. Si fedha halisi.

Data ya bei itafute wewe mapema. Ukiwaachia wanafunzi waitafute, wiki tatu zitapotea na kila kikundi kitaleta bei tofauti za hisa ile ile. Lakini usiwasafishie. Kusafisha ni somo.

## Hatua ya 1: Mteja kwanza (wiki ya 1)

Mpe kila kikundi mteja wa kubuni mwenye maisha yanayoeleweka. Mwalimu wa sekondari wa Embakasi mwenye mkopo wa sacco na mtoto anayeingia chuo miaka mitatu ijayo. Chama cha watu 12 cha Kayole kinachotaka kununua ploti. Mfanyabiashara Mwislamu wa Eastleigh asiyetaka riba wala hisa za pombe. Mstaafu anayetegemea magawio kulipa kodi ya nyumba.

Kikundi kinaandika taarifa ya sera ya uwekezaji, kurasa mbili zisizozidi: lengo kwa tarakimu, muda, fedha ambazo lazima zipatikane haraka, kodi, vizuizi vya mteja, na kigezo watakachopimwa nacho. Kodi iandikwe waziwazi. Mkazi wa Kenya hukatwa asilimia 5 ya gawio na asilimia 15 ya riba ya hati za hazina.

Kinachoharibika hapa ni maneno yasiyopimika. "Mteja anataka faida nzuri na hatari ya wastani" irudishwe siku hiyo hiyo. Sera inayofaa husema hivi: angalau KSh 300,000 ziwe kwenye hati za hazina kwa sababu karo inalipwa Januari, hisa moja isizidi asilimia 15, kigezo ni asilimia 50 NASI na asilimia 50 hati za siku 91.

Utajua hatua imefaulu ukimpa mwanafunzi wa kikundi kingine sera hiyo aisome, kisha umtajie hisa yoyote. Aweze kusema kama inaruhusiwa au la bila kuuliza swali.

## Hatua ya 2: Safisha data (wiki ya 2 na ya 3)

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoamua kila kitu kinachofuata. Ipe wiki mbili kamili hata kama silabasi inalalamika.

Hisa zilizogawanywa. Hisa ya KSh 150 ikigawanywa mara 10, kesho yake bei ni karibu KSh 15. Jedwali litasoma hasara ya asilimia 90 ilhali mwenye hisa hajapoteza kitu. Benki ya Equity iligawanya hisa zake hivyo mwaka 2009, na ni mfano mzuri wa kuonyesha darasani. Dawa yake ni kugawa bei zote za kabla ya tarehe hiyo kwa 10. Hisa za bonasi hurekebishwa vivyo hivyo: bonasi ya moja kwa kila tano, bei za zamani zigawanywe kwa 1.2.

Magawio. Wengi huhesabu mabadiliko ya bei tu. Tuseme bei ilikuwa 40, ikashuka hadi 38, na gawio lilikuwa KSh 3. Kwa bei peke yake ni hasara ya asilimia 5. Ukiongeza gawio ni faida ya asilimia 2.5. Baada ya kodi gawio ni 2.85, na faida ni asilimia 2.125. Kwa soko ambalo benki nyingi hulipa magawio makubwa, kuyaacha nje ni kubadilisha mpangilio mzima wa hisa zipi ni bora. Gawio liingie mwezi ambao hisa ilianza kuuzwa bila haki ya gawio, si mwezi lililolipwa.

Hisa zilizosimamishwa. Kenya Airways ilisimamishwa sokoni Julai 2020 ikarudi Januari 2025. Mwanafunzi akijaza miezi hiyo yote kwa bei ya mwisho, atapata msururu wa sifuri, na hisa yenye matatizo makubwa itaonekana tulivu kuliko zote. Solver itaipenda. Miezi hiyo iachwe wazi na hisa iondolewe kwenye hesabu ya kovariansi (kipimo cha jinsi hisa mbili zinavyosogea pamoja), lakini ibaki kwenye mjadala. Ukiiondoa kimya kimya, darasa litaamini kwamba kampuni zote hudumu.

Hisa zisizouzwa sana. Waambie wahesabu miezi ambayo bei haikusogea hata senti. Kaunta (yaani hisa ya kampuni moja sokoni) yenye zaidi ya miezi 6 ya namna hiyo kati ya 60 ipewe alama nyekundu. Mkengeuko wake sanifu (kipimo cha jinsi faida inavyoyumba) utakuwa mdogo kuliko ukweli na beta yake (kipimo cha jinsi inavyofuata soko) itavutwa kuelekea sifuri. Hiyo ndiyo sababu ya kutumia data ya mwezi badala ya data ya siku kwenye soko letu.

Kila rekebisho liandikwe kwenye karatasi ya pili ya faili: tarehe, hisa, kilichobadilishwa, sababu, chanzo. Bila karatasi hiyo kikundi kisiendelee na hatua ya tatu.

Mafanikio yaonekane hivi: vikundi viwili vilivyofanya kazi bila kuonana vipate wastani ule ule wa faida kwa hisa zote zilizobaki. Mkitofautiana, fungueni karatasi ya marekebisho mtafute mstari unaokosana.

## Hatua ya 3: Hesabu kwa mkono, hisa mbili tu (wiki ya 4)

Zima kompyuta. Andika ubaoni tarakimu za mfano: hisa A ina mkengeuko sanifu wa asilimia 20, hisa B asilimia 30, korelesheni (kiwango cha kusogea pamoja, kutoka −1 hadi 1) 0.2, na fedha zimegawanywa asilimia 60 kwa 40.

Sehemu ya A (mraba wa uzito × variansi, yaani mraba wa mkengeuko): 0.36 × 0.04 = 0.0144
Sehemu ya B: 0.16 × 0.09 = 0.0144
Sehemu ya pamoja: 2 × 0.6 × 0.4 × 0.2 × 0.2 × 0.3 = 0.00576

Jumla ni 0.03456, na kipeuo chake cha pili ni takriban asilimia 18.6.

Hapo nyamaza kidogo, waache waitazame. Hatari ya potifolio ni ndogo kuliko ya A, hisa tulivu kati ya hizo mbili, ingawa tumeweka asilimia 40 kwenye B iliyo hatari zaidi. Kisha wabadilishe korelesheni iwe 1: jibu linakuwa asilimia 24, wastani mtupu wa kawaida. Mwanafunzi aliyefanya hesabu hizi mbili kwa kalamu ameelewa mtawanyo wa uwekezaji kuliko aliyesikiliza mihadhara mitatu kuhusu nadharia ya potifolio ya Markowitz ya 1952.

Kosa la kawaida ni kusahau ile 2 mbele ya sehemu ya pamoja. La pili ni kuweka asilimia kama namba nzima upande mmoja na desimali upande mwingine.

## Hatua ya 4: Ichambue kampuni, si bei yake tu (wiki ya 5 na ya 6)

Kila mwanafunzi achukue kampuni tatu. Asome mizania, taarifa ya mtiririko wa fedha na maelezo yaliyo nyuma ya taarifa, si barua ya mwenyekiti.

Tarehe za kufunga hesabu zinawachanganya sana. Benki hufunga 31 Desemba, Safaricom 31 Machi, kampuni ya bia ya EABL 30 Juni. Kulinganisha uwiano wa bei kwa faida wa kampuni hizo bila kuangalia tarehe ni kulinganisha misimu tofauti ya uchumi.

Thamani ihesabiwe kwa njia inayoifaa biashara yenyewe. Kwa benki, mtiririko huru wa fedha haueleweki vizuri, maana amana na mikopo ndiyo malighafi yao. Tumia magawio au thamani ya mtaji. Mfano wa gawio linalokua: gawio la mwaka ujao KSh 3, faida inayotakiwa asilimia 15, ukuaji asilimia 5. Thamani ni 3 ÷ (0.15 − 0.05) = 3 ÷ 0.10 = KSh 30. Sasa mwambie apandishe ukuaji hadi asilimia 7, apate KSh 37.50. Asilimia 9, KSh 50. Pointi nne tu za matumaini zimepandisha thamani kwa theluthi mbili.

Kwa hivyo usikubali thamani ya namba moja. Dai jedwali dogo la makisio matatu ya ukuaji kwa matatu ya faida inayotakiwa, na sentensi mbili zinazotetea kisio la katikati kwa ushahidi kutoka ripoti ya kampuni. Akisema "nimechukua wastani wa ukuaji wa miaka mitano" na mwaka mmoja kati ya hiyo ni wa korona, mrudishe.

## Hatua ya 5: Solver, kwa tahadhari (wiki ya 7)

Jedwali la kovariansi la hisa 12 lina variansi 12 na kovariansi 66, jumla makadirio 78. Miezi isipozidi idadi ya hisa, jedwali hilo haliwezi kugeuzwa kabisa. Miezi 60 inatosha kwa mazoezi.

1. Tumia COVARIANCE.S. Kifaa cha kovariansi kilichomo kwenye zana za uchambuzi za Excel hugawa kwa 60 badala ya 59, na majibu hayatakubaliana na STDEV.S.
2. Panga uzito wa hisa kwenye safu moja wima. Anza na uzito sawa kwa zote. Ukianza na sifuri, utagawa kwa sifuri na Solver itasimama.
3. Hatari ya potifolio: =SQRT(MMULT(MMULT(TRANSPOSE(uzito),kovariansi),uzito)). Matoleo ya zamani ya Excel yanataka Ctrl+Shift+Enter.
4. Jaribio la lazima: weka uzito 1 kwenye hisa moja na 0 kwingine. Hatari ya potifolio lazima iwe sawasawa na STDEV.S ya hisa hiyo. Rudia kwa hisa tatu. Hakuna kikundi kinachobonyeza Solver kabla ya kupita hapa.
5. Chagua mbinu ya GRG isiyo ya mstari. Kwenye LibreOffice, badilisha injini, kwa sababu ile inayokuja imewashwa ni ya hesabu za mstari.
6. Masharti: jumla ya uzito ni 1, hakuna uzito chini ya 0, na kikomo cha kila hisa kama sera ya mteja inavyosema.

Kiwango kisicho na hatari kiwe cha mwezi. Kutoa asilimia 9 ya mwaka kutoka faida ya asilimia 1.5 ya mwezi ni kosa linalofanya kila hisa ionekane ovyo. Kata kodi kwanza, kisha ubadilishe kiwango kiwe cha mwezi.

Sasa waonyeshe kwa nini matokeo ya Solver si neno la mwisho. Hisa yenye mkengeuko wa asilimia 8 kwa mwezi, kwa miezi 60, kosa sanifu la wastani wake (kiasi ambacho wastani huo unaweza kukosea) ni 8 ÷ √60, yaani takriban asilimia 1.03. Kama wastani wenyewe ni asilimia 1 kwa mwezi, huwezi kuutofautisha na sifuri. Solver haijui hilo. Inachukua wastani kana kwamba umeandikwa kwenye jiwe, na inakimbilia hisa iliyobahatika.

Fanyeni hivi: futa miezi 6 ya mwanzo, endesha Solver tena, linganisha. Uzito ukiruka kutoka asilimia 40 hadi 5, wanafunzi wameona kwa macho yao. Baada ya hapo kila kikundi kitengeneze potifolio tatu: ya uzito sawa, ya hatari ndogo kabisa, na ya uwiano mkubwa wa Sharpe (faida inayozidi kiwango kisicho na hatari, ikigawanywa kwa hatari). Kichague moja, au mchanganyiko, na kitetee uchaguzi kwa mteja wake na uchambuzi wa hatua ya nne.

Kuhusu beta: NASI hupimwa kwa ukubwa wa kampuni, na Safaricom ndiyo kubwa kuliko zote. Kuihesabia Safaricom beta dhidi ya NASI ni kwa sehemu kuipima dhidi ya yenyewe. Wahesabu pia dhidi ya NSE 20 waone tofauti.

## Hatua ya 6: Nunua kama mtu anayelipa (wiki ya 8)

Tumieni bei za kufunga za siku moja iliyotangazwa, na mkate asilimia 2 kila mnaponunua na kila mnapouza, kama makisio ya ada za dalali na tozo. Kikundi kinachobadilisha potifolio yote kitaona takriban asilimia 4 zikiyeyuka.

Kisha kipimo cha ukwasi (urahisi wa kununua na kuuza). Kaunta inayouza hisa 2,000 kwa siku kwa KSh 15 ina mauzo ya KSh 30,000. Ukitaka kununua za KSh 200,000 bila kuchukua zaidi ya asilimia 20 ya mauzo ya siku, unapata KSh 6,000 kwa siku: zaidi ya siku 33 za soko. Muhula utaisha. Agizo la namna hiyo likataliwe, hata kama hesabu za hatua ya tano zinalisifu.

Onyo ambalo halina mjadala: wanafunzi wasichangishe fedha halisi za wenzao kuendesha potifolio hii. Kutoa ushauri wa uwekezaji kwa malipo kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Anayetaka kujaribu zaidi kwa fedha za kubuni, NSE huendesha shindano la uwekezaji la mtandaoni kwa wanafunzi.

## Hatua ya 7: Shika, andika, usiguseguse (wiki ya 9 hadi 12)

Kila wiki, nusu ukurasa: nini kimebadilika, je kinagusa sababu yetu ya kununua, tunafanya nini. "Bei imeshuka" si sababu. Onyo la faida ni sababu. Sheria hapa hulazimisha kampuni kulitoa inapotarajia faida kushuka kwa asilimia 25 au zaidi. Wiki nyingi jibu sahihi litakuwa "hatufanyi kitu", na lipewe alama kamili likitetewa.

## Hatua ya 8: Pima uamuzi (wiki ya 13)

Tuseme kigezo kilikuwa nusu NASI, nusu hati za hazina. Kikundi kiliweka 70 kwa 30. Kwenye kipindi hicho NASI ilishuka asilimia 4, hati zikaleta asilimia 1, na hisa za kikundi zikashuka asilimia 1 tu.

Kigezo: 0.5 × −4 + 0.5 × 1 = −1.5
Kikundi: 0.7 × −1 + 0.3 × 1 = −0.4

Wameshinda kwa 1.1 na watashangilia. Igawanyeni. Uamuzi wa kuongeza hisa: 0.2 × (−4 + 1.5) − 0.2 × (1 + 1.5) = −1.0. Uchaguzi wa hisa zenyewe: 0.7 × (−1 + 4) = 2.1. Walichagua hisa vizuri, lakini uamuzi wa kupita kigezo uliwagharimu pointi nzima. Je, sera ya mteja iliwaruhusu kufika 70? Hapo ndipo mjadala uanzie.

## Alama

Kwenye CAT (mtihani wa tathmini endelevu) ya alama 30, mgawanyo unaofanya kazi ni huu: sera ya mteja 5, data na karatasi ya marekebisho 8, uchambuzi wa kampuni 8, ujenzi wa potifolio 5, tathmini 4. Faida iliyopatikana: sifuri. Hisa yenye mkengeuko wa asilimia 8 kwa mwezi inaweza kusogea asilimia 8 juu au chini bila habari yoyote ya maana, na ukitoa alama kwa hilo, kikundi cha mwaka ujao kitaweka kila kitu kwenye kaunta moja na kuomba Mungu.

## Utetezi (wiki ya 14)

Dakika 10 kwa kikundi, bila slaidi, faili likiwa wazi kwenye skrini. Wewe ndiye unayechagua wa kujibu. Maswali matatu yanatosha: nionyeshe seli inayobeba kikomo cha mteja, nionyeshe rekebisho moja la data na chanzo chake, hisa hii mliinunua kwa sababu gani iliyoandikwa tarehe gani? Aliyeandika ripoti ya kampuni aulizwe kuhusu Solver, na aliyeendesha Solver aulizwe kuhusu mizania. Mmoja akishindwa kabisa kufungua sehemu ya mwenzake, kikundi kizima kirudi baada ya siku mbili, na alama za utetezi wa kwanza zisiandikwe.